Ngome ya Edinburgh na Neno "Gereza"

Msafiri afikaye Edinburgh, mji mkuu wa Uskoti, huiona ngome kabla hajauona mji wenyewe. Imejengwa juu ya mwamba wa volkano ya kale, mita 130 hivi kutoka usawa wa bahari. Pande tatu za mwamba huo ni magenge. Upande wa mashariki tu ndio wenye mteremko upandikao, nao hutazamwa na mizinga.

Walakini magenge hayakuwa kinga kamili. Mwezi wa Machi, 1314, Thomas Randolph na watu wapatao 30 waliparamia mwamba usiku, wakaitwaa ngome mikononi mwa Waingereza. Mfalme Robert Bruce akaamuru ibomolewe, adui asipate kuitumia tena. Kilichosazwa ni kanisa dogo la Mtakatifu Margaret, lililojengwa yapata mwaka 1130 na mwanawe, Mfalme David wa Kwanza. Tena, katika mazingiwa ya 1571 hadi 1573, mnara mkuu uliporomoshwa kwa mizinga, kifusi kikaziba kisima, na walinzi, kwa kukosa maji, wakasalimu amri.

Kutoka kanisani nilishuka hadi vyumba vya chini ya ukumbi mkuu. Humo, katika karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19, walifungwa mateka wa vita, Wafaransa na Wamarekani miongoni mwao, nao walichora merikebu na majina katika mbao za milango. Hapo ndipo liliponijia neno letu "gereza".

Wataalamu hulitoa neno hili katika Kireno, "igreja", maana yake kanisa. Wareno walipojenga Ngome ya Yesu, Mombasa, tangu mwaka 1593, walitia kanisa ndani yake. Jina la kanisa likaenea likawa jina la ngome. Na ngome ya Kilwa Kisiwani ingali ikiitwa Gereza hata leo. Kisha ngome zikatumiwa kufungia watu, kama ile ya Mombasa ilivyotumiwa na Waingereza tangu 1895 hadi 1958, na maana ya kifungo ikazishinda zile za kwanza.

Huenda msomaji akadhani mageuzi hayo ni kosa la masikio. Lakini Edinburgh, ambako Kireno hakikutawala, kanisa, ngome na kifungo vilikutana vilevile ndani ya boma moja. Ukuta uliojengwa kumzuia adui asiingie wafaa pia kumzuia asitoke. Neno, basi, limefuata historia ya majengo.

Kwa hiyo mfasiri wa leo na aandike "ngome" kwa jengo la namna hii. "Kasri" ni jumba la mfalme, na "gereza" limekwisha hama. Wala asisahau kwamba mwaka 1811 mateka 49 walitoboa ukuta wa Edinburgh wakateremka kwa kamba: mwamba ulioparamiwa na waliotaka kuingia ulishukwa pia na waliotaka kutoka.