Vifungo vya Mtumba Unyanyembe

Fundi cherehani wa Ntalikwa, Tabora, anayechambua mtumba akitafuta vifungo, zipu na lesi huhesabiwa kuwa amelazimishwa na umaskini. Nadhani hukumu hiyo inamwonea. Wavumbuzi Waingereza Burton na Speke walipofika Kazeh katika Unyanyembe, Tabora ya leo, mnamo Novemba 1857, nguo ilikuwa ndiyo fedha ya njia ya misafara: merikani kutoka Marekani na kaniki ya India zililipa hongo (ushuru wa kupita), posho na pembe za ndovu. Wanyamwezi, wapagazi mashuhuri na wenyewe wafumaji wa pamba, hawakupokea kitambaa chochote tu. Kila soko lilikuwa na chaguo lake, na hata shanga, zilizotumika pia kulipia, zisipopendwa zilimwachia mfanyabiashara hasara. Jicho la kuchagua lina historia ndefu hapa.

Wapo watakaosema mitumba imeviumiza viwanda vyetu vya nguo, kama Urafiki kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968. Hoja hiyo ni nzito, ingawa mashine chakavu na umeme wa kusuasua navyo vilichangia. Lakini fundi anayekitoa kifungo cha chaza kwenye shati lililochanika, akakishona kwenye gauni jipya, hakiui kiwanda chochote. Anaongeza thamani, na furaha yake ni ya mjuzi.