Ombaci Kabla ya 1981: Ramani za Wizara ya Vita na Makala za Kamusi Elezo

Ukiandika neno Ombaci katika intaneti, jambo la kwanza utakaloletewa ni tarehe 24 Juni 1981. Siku hiyo wanajeshi wa UNLA, jeshi la serikali ya wakati huo, waliingia katika misheni ya Wakatoliki ya Ombaci, kilomita chache kutoka mji wa Arua kwenye barabara ya kwenda Koboko, wakawaua makumi ya raia waliokuwa wamekimbilia humo. Nyanya yangu alikuwa miongoni mwa waliokimbilia misheni, naye alinusurika. Sina nia ya kuipunguzia tarehe hiyo uzito. Ila mimi nimekulia Ombaci, na nilipoingia mwaka wa pili wa masomo ya historia nilitaka kujua mahali petu palikuwaje kabla ya siku hiyo kupafanya pajulikane.

Nyumbani hakuna karatasi. Kati ya 1979 na 1981 watu wengi wa West Nile walikimbilia Sudan na Zaire, na waliporudi walikuta nyumba zimechomwa. Kadi za ubatizo, risiti za kodi, picha za harusi, vyote vilikwenda. Ndiyo maana nilianza kutafuta mbali, na nilichokipata ni ramani zilizo katika maktaba ya London, pamoja na kazi ya wakutubi walioziweka mahali ambapo mtu yeyote anaweza kuzitumia kuboresha makala za Wikipedia. Katika insha hii nitaonyesha kwamba wakutubi hao wametusaidia zaidi kwa maelezo waliyoandika kando ya ramani kuliko kwa picha zenyewe. Nitaonyesha pia kwamba ipo sehemu ya kazi hiyo wasiyoweza kutufanyia.

Ramani ninazozungumzia zilikusanywa na kitengo cha ramani cha Wizara ya Vita ya Uingereza kati ya takriban 1890 na 1940. Maofisa, wapimaji wa mipaka na wasafiri walituma London michoro waliyoichora wakiwa njiani, mingine kwa penseli, nao wachoraji wa wizara wakaiunganisha kuwa ramani za kuchapwa. Michoro ile ya awali sasa iko British Library, chini ya alama za rafu zinazoanza na herufi WOMAT. Kwa fedha za mfuko wa Indigo Trust, maktaba ilikarabati, ikaorodhesha na kupiga picha mamia ya ramani za iliyokuwa Afrika Mashariki ya Waingereza na nchi za jirani. Picha hizo zimewekwa pia Wikimedia Commons, ambayo ni ghala la picha za Wikipedia, bila masharti ya malipo. Mwanafunzi wa Arua mwenye simu na bando la siku moja anaweza kufungua ramani ambayo zamani ingemlazimu kupanda ndege ili aione.

Kwa nini ramani hasa? Kwa sababu historia ya kwetu, kwa muda wa miaka 20 hivi, ilikuwa historia ya mistari. Mwaka 1894 Uingereza ilimkodishia Mfalme Leopold II, mtawala wa Dola Huru la Kongo, ukanda mkubwa magharibi mwa mto Nile. Wanajeshi wake walifika Rejaf mwaka 1897. Mkataba wa 1906 ukamwachia kipande kilichoitwa Lado, mashariki mwa longitudo 30, kwa muda wa uhai wake tu. Leopold alifariki Desemba 1909, na Juni 1910 Lado ikakabidhiwa kwa Sudan. Kati ya kifo na makabidhiano wawindaji wa pembe za ndovu walijazana humo, na Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka urais wa Marekani, alikuja kuwinda vifaru weupe Januari 1910. Mwaka 1914 sehemu ya kusini ya Lado ikaunganishwa na Uganda, huku Sudan ikipewa Gondokoro na Nimule. Mwaka huohuo A. E. Weatherhead, mkuu wa kwanza wa wilaya ya West Nile, akaanzisha kituo cha Arua. Ombaci iko kwenye longitudo ya karibu 31, kwa hiyo ilikuwa ndani ya Lado. Mtu aliyezaliwa hapo mwaka 1890 alihesabiwa kuwa chini ya Leopold, kisha Sudan, kisha Uganda, bila kuhamisha hata chungu chake cha maji.

Nilipoanza kuhariri Wikipedia ya Kiswahili nilifanya kosa ambalo ndilo lililonifundisha jambo hili. Nilichukua ramani ya Lado iliyochapwa karibu na wakati Uganda ilipoipokea, nikaibandika kwenye makala na kuandika chini yake kwamba inaonyesha eneo la Arua mwaka 1914. Upande wa mto ulikuwa umejaa majina: Wadelai, Dufile, Mahagi. Upande wa vilima, kwetu, ulikuwa karibu mweupe. Nikaandika kwa ujasiri kwamba wakati ule eneo hilo lilikuwa na wakazi wachache. Baada ya siku mbili mhariri mwingine, nisiyemjua hata leo, aliifuta sentensi yangu na kuniachia ujumbe mfupi: soma katalogi.

Nilisoma. Maelezo ya maktaba yalitenganisha vitu ambavyo mimi nilivichanganya, yaani mwaka wa kuchapwa na mwaka wa kupima. Aliyechora alikuwa amepita mtoni. Karatasi ilichapwa baadaye sana, na yale aliyoyaona hayakuwa yamebadilishwa. Uweupe wa vilima vyetu ulikuwa habari juu ya njia aliyopita yeye. Watu walikuwepo. Mpimaji ndiye hakufika. Ningeweza kuwa nimewafuta Walugbara wa Ombaci mara ya pili, na safari hii kwa mkono wa mtoto wao.

Hapa ndipo ninapoona thamani ya mkutubi. Picha ya ramani inaweza kuigwa na yeyote. Lakini nani aliichora, kwa agizo la nani, alipita wapi, lini ilisahihishwa, na jina hili limeandikwa namna ngapi? Hayo yanahitaji mtu aliyekaa na karatasi mezani na kusoma barua zilizokuja nayo. Chukua jina letu tu. Katika maandishi ya Waingereza hadi miaka ya 1920 tunaitwa Lugwari. Mwanafunzi akitafuta "Lugbara" peke yake atakosa nusu ya yaliyoandikwa na kudhani hayapo. Mkutubi akiandika majina yote mawili kwenye maelezo ya picha, ametufungulia mlango. Vilevile akiioanisha ramani ya kale na ya leo, nukta kwa nukta, tunaona mara moja pale mchoraji alipokosea kwa kilomita kadhaa. Kwa eneo la mpaka hilo si jambo dogo. Mpaka wetu na Kongo unafuata mwinuko unaogawa maji ya Nile na maji ya Kongo, na waliowahi kusikia magomvi ya pale Vurra wanajua kwamba mwinuko unaoonekana wazi kwenye karatasi hauonekani wazi ukiwa umesimama shambani.

Kuna faida nyingine ambayo sidhani wengi waliitarajia. Oktoba 2023 British Library ilishambuliwa na wahalifu wa mtandao. Tovuti yake ilizimika, na katalogi kuu ilianza kurudi Januari 2024, tena si kamili. Picha za ramani zilizokuwa Commons hazikuguswa, kwa sababu zilikuwa zimeshatoka nje ya jengo. Mwenzangu wa darasani alisema hiyo ni haki, kwamba sasa Waingereza nao wamejua maana ya kupoteza karatasi. Sikucheka sana. Maelezo mengine yaliyokuwa kwenye katalogi hayakupatikana kwa miezi, na bila maelezo hayo nilikuwa narudi palepale nilipokosea.

Sasa nije kwenye sehemu ambayo wakutubi hawawezi kutufanyia. Likizo iliyopita nilimwonyesha nyanya ramani moja kwenye simu. Aliisogeza karibu na macho, akaniuliza, "Enyau iko wapi?" Enyau ni mto wetu, ndio unaopita Arua. Nilimwonyesha mstari mwembamba usio na jina. Akasema huo hauwezi kuwa Enyau, maana umepinda upande usio wake. Kisha akaanza kunitajia vijito, kimoja baada ya kingine, na ni ukoo gani ulikuwa ukichota maji wapi, na kile walichokivuka usiku kwenda Zaire. Niliandika kurasa nne za daftari.

Hakuna hata mstari mmoja wa kurasa hizo ninaoweza kuuweka Wikipedia. Kanuni yake ni kwamba kila dai liwe na chanzo kilichochapishwa, na utafiti mpya haukubaliwi. Mchoro wa penseli wa ofisa aliyepita siku tatu ukishawekwa na maktaba na kuelezwa na wataalamu, unapata njia ya kuingia. Neno la mama aliyeishi hapo miaka 70 halina njia. Mwaka 2011 Achal Prabhala aliongoza mradi nchini India na Afrika Kusini wa kurekodi sauti za watu na kuzitumia kama vyanzo vya makala, lakini kanuni haijabadilika. Naielewa sababu yake: bila kanuni hiyo mimi mwenyewe ningeendelea kuandika kwamba vilima vyetu vilikuwa vitupu. Lakini naona pia kwamba kanuni inayodai karatasi inawaumiza zaidi watu ambao karatasi zao zilichomwa.

Mhadhiri wangu alinishauri nisigombane na kanuni bali nitengeneze chanzo. Nirekodi sauti, niandike tarehe, niandike msemaji alizaliwa wapi na alikuwa na umri gani wakati wa jambo analolieleza, kisha nikabidhi nakala kwenye maktaba ya chuo ili nayo ipewe namba na maelezo. Kwa maneno mengine, nimfanyie nyanya kile ambacho wakutubi wa London walimfanyia yule ofisa. Maktaba yetu ina mkutubi mmoja anayeshughulikia nyaraka, na aliponisikiliza aliniuliza swali lilelile la katalogi: huyu nyanya alipita wapi, na wapi hakupita? Sikuwa nimemuuliza. Nilikuwa nimechukulia kwamba mzee wa Ombaci anaijua Ombaci yote.

Kwenye makala ramani imerudi, sasa ikiwa na maelezo mapya: imechapwa lini, imetokana na upimaji wa nani, na kwamba sehemu za ndani hazikupimwa. Sentensi kuhusu wakazi wachache haipo tena. Mwezi Desemba nitakwenda nyumbani na karatasi moja ya ramani hiyo iliyokuzwa, na penseli. Nyanya amesema niwaite pia wazee wawili wa upande wa pili wa Enyau, kwa sababu vijito vya huko yeye hakuvuka.