Gari Lililobadilishwa Nalo ni Urithi

Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 inakitambua kuwa malikale kitu kilichotengenezwa kabla ya 1863. Kwa mlango wa mbao uliochongwa, hata hivyo, sheria hiyohiyo inasogeza ukomo hadi 1940. Mlango ni kitu cha matumizi ya kila siku; kilichoupa hadhi ni mkono wa fundi aliyeuchonga, wala si umri peke yake. Ninaamini jicho hilohilo linapaswa kutua kwenye gari ambalo fundi amelifumua na kulisuka upya, na kwamba Mara, mkoa wenye Makumbusho ya Mwalimu Nyerere pale Butiama tangu 1999, unafaa kuanza kazi hiyo. Kila lori kuukuu linapokatwa vipande na kuuzwa kwa kilo kama chuma chakavu, kumbukumbu ya gereji za Musoma na Bunda inapungua.

Mfano ulio wazi zaidi uko mbali, Los Angeles. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, vijana wa Kimarekani wenye asili ya Meksiko walinunua Chevrolet zilizokwisha tumika, wakapakia mifuko ya mchanga nyuma au kukata springi ili gari likae chini, liende taratibu, lionekane. Huo ndio mwanzo wa magari yanayoitwa loraida. California ikaweka sheria iliyoanza kutumika 1958, ikikataza sehemu yoyote ya gari kuning'inia chini ya ukingo wa rimu. Mwaka uliofuata mwenye gari mmoja, Ron Aguirre, akafunga kwenye Corvette yake pampu na vali za haidroliki zilizotoka kwenye ndege: askari akitokea gari linainuka, akipita linashuka. Katazo lenyewe likazaa ufundi ambao leo ndio alama ya loraida. Smithsonian, taasisi kuu ya makumbusho ya Marekani, inahifadhi loraida iitwayo Dave's Dream, Ford LTD ya 1969 kutoka Chimayó, New Mexico. Mwenyewe alifariki kabla hajaimaliza, familia yake ikaikamilisha. Kama wangeirudisha katika hali ya kiwandani, wangebaki na Ford kama Ford nyingine, na habari yote ya familia ile ingefutika pamoja na rangi.

Mara haina Chevrolet zilizoshushwa, na sababu iko barabarani. Njia ya Musoma kwenda Arusha, inayokatiza Serengeti na Ngorongoro, kwa miongo mingi ilikuwa vumbi, mawe na tope zito la masika. Gari la kulala chini lisingefika. Kwa hiyo huku fundi aliinua. Basi lilijengwa juu ya chasi ya lori, bodi ikachomelewa humuhumu nchini, springi zikaongezwa majani. Magari ya watalii yanayoingia hifadhini kwa lango la Ndabaka, wilayani Bunda, hurefushwa chasi na kukatwa paa ili liweze kufunguka juu. Baada ya Vita vya Kagera vya 1978–79, fedha za kigeni zilipoadimika na vipuri vikawa haba, gari moja liliendelea kuishi kwa viungo vya magari mengine matatu au manne. Hata leo Probox inayobeba abiria vijijini, mchomoko kama wasemavyo Kanda ya Ziwa, huongezwa springi ili ihimili mzigo ambao kiwanda cha Japani hakikuukusudia. Aliyeshusha kule na aliyeinua huku wote walikikataa kipimo cha kiwanda wakaweka cha kwao, na kila kipimo kinaeleza barabara, kipato na matamanio ya watu wake.

Kuna pingamizi zito, hasa Butiama. Oktoba 1967 Mwalimu alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, takriban kilomita 220, kuunga mkono Azimio la Arusha. Je, ni heshima kuleta sifa za magari katika kijiji cha mtu huyo? Swali ni la haki, lakini linachanganya mambo mawili. Lawama za enzi ile ziliwaangukia Wabenzi, watu walioketi kwenye gari jipya lililolipiwa na umma. Lori lililofufuliwa kwa bati la kuungaunga ni kinyume chake kabisa. Ni vigumu kupata ushahidi bora zaidi wa kujitegemea.

Wengine watasema mabadiliko hayo ni hatari. Ni kweli, na Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 ina kazi yake. Basi lililochomelewa vibaya linaua. Lakini kuhifadhi si kuruhusu kubeba abiria. Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam tayari ina magari yaliyotumiwa na magavana na viongozi wa nchi, na hayo yanatueleza habari za walioketi nyuma. Za walioshika spana hazijapewa nafasi ya namna hiyo. Butiama ingeanza na gari moja tu, lori au basi, lioneshwe likiwa na viraka vyake, rangi zake zilizopandiana na springi zilizoongezwa, bila kunyooshwa wala kupigwa rangi upya. Pembeni yake yawekwe maelezo yaliyorekodiwa ya mafundi bodi na mafundi springi wa miaka ya 1980: kipi walikikata, kipi walikiunga, na kwa nini. Mafundi hao sasa ni wazee, kwa hiyo wahojiwe kwanza, gari litafutwe baadaye.