Konokono Wetu Amezunguka Dunia, Kwa Sahani Yetu Bado Hajafika

Kila nikiona video ya mtu akiambiwa aonje konokono, komenti ni zile zile. "Iiih!" "Hata unilipe siezi." Na ile ya kila siku: "Hicho ni chakula cha wazungu." Hizo mbili za kwanza sina shida nazo, mdomo ni wako. Ni hiyo ya tatu imenifanya niandike leo, kwa sababu historia inasema kitu tofauti kabisa.

Tuanzie mbali. Mpakani mwa Afrika Kusini na Eswatini kuna pango linaitwa Border Cave. Mwaka wa 2023 watafiti walichapisha uchunguzi wa vipande vya magamba ya konokono wakubwa vilivyochimbwa humo. Vipande vilikuwa vimepitia moto, na vya zamani zaidi vina kama miaka 170,000. Yaani watu walikuwa wanachoma konokono hapa Afrika kabla hata Ufaransa haijakuwa wazo. Ukienda kaskazini, Algeria na Tunisia, kuna vilima vizima vya majivu na magamba vilivyoachwa na wawindaji wa maelfu ya miaka iliyopita. Hao hawakuwa wanajaribu mambo ya hoteli. Walikuwa na njaa, na konokono hakimbii.

Warumi ndio walimgeuza biashara. Mwandishi wao Pliny anasema kwamba jamaa mmoja, Fulvius Lippinus, alianzisha mazizi ya konokono karibu na mji wa Tarquinii, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Aliwatenga kwa aina, akawanenepesha kwa unga na divai iliyochemshwa ikawa nzito. Wafaransa wakaja baadaye na siagi, kitunguu saumu na jina tamu: escargot. Jina tu, na bei ikapanda.

Sasa hapa ndipo stori inatuhusu. Yule konokono mkubwa unayemwona kwa ukuta mvua ikinyesha, Lissachatina fulica, asili yake ni upande wetu huu wa Afrika Mashariki. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1800 alikuwa ameshafikishwa Mauritius. Mwaka wa 1847 Mwingereza mmoja, William Benson, akawatoa Mauritius akawaachilia kwa bustani kule Calcutta, India. Kutoka hapo akasambaa Asia. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Wajapani walimpeleka kwenye visiwa vya Pasifiki kama chakula. Msee wetu amesafiri kuliko wengi wetu.

Lakini hebu cheki kilichotokea Brazil. Mwishoni mwa miaka ya 1980 aliletwa jimbo la Paraná kama mbadala wa bei rahisi wa escargot. Watu wakauziwa konokono wa kuanzia pamoja na ahadi: anazaa haraka, anakula majani, soko liko. Ya kuzaa ilikuwa kweli. Ya soko haikuwa. Wabrazil wengi hawakuwa na haja ya kumla, wafugaji wakachoka, wakawatupa nje. Akaenea karibu nchi nzima, akila mashamba ya watu, na mwaka wa 2005 serikali ikapiga marufuku ufugaji wake.

Tahiti ilikuwa mbaya zaidi. Konokono wetu alipowashinda, mwaka wa 1974 wakaleta konokono mwingine, mla nyama kutoka Marekani, ati awamalize. Yule mgeni akageukia konokono wadogo wa miti, wa huko huko, na aina kadhaa zao hazipo tena duniani.

Mimi nikiangalia hizo stori naona kitu kimoja. Mnyama aliletwa na watu waliopanga kumuuza, mahali ambapo wenyeji hawakuwa na mpango wa kumla. Soko likianguka, hakuna sufuria ya kumpokea.

Linganisha na Nigeria na Ghana. Kule kuna konokono wakubwa wa aina zao, na wanaliwa nyumbani, sokoni na harusini. Wayoruba wanamwita igbin, na ni sadaka ya heshima kwa Obatala. Mapishi yenyewe si ya siri. Unavunja gamba, unavuta nyama, unatoa matumbo. Halafu unapigana na ule utelezi: unasugua na chumvi, ndimu au shabu, lile jiwe jeupe la kutakasia maji, unasuuza, unarudia mpaka mkono usiteleze. Unachemsha vizuri, unakaanga, unamalizia na nyanya, vitunguu na pilipili ya kutoa machozi. Ghana wanamtia pia kwa supu ya mawese. Huko hakuna mtu atakuambia hicho ni chakula cha wazungu. Atakucheka.

Kuna wenye sababu zao za kukataa, na hizo naziheshimu. Waislamu wengi wa Pwani yetu wanafuata madhehebu ya Shafi, ambayo hayaruhusu konokono wa nchi kavu. Morocco, wanaofuata Maliki, supu ya konokono inauzwa Marrakech kwa bakuli, barabarani, yenye viungo kibao. Dini moja, fikra tofauti, kila mtu na ushahidi wake.

Naandika haya kwa sababu siku hizi vijana wanaambiwa konokono ni pesa ya haraka. JKUAT kule Juja wamewafuga na kufundisha wengine, na ni sawa, utafiti ni mzuri. Pia usisahau ufugaji wake unahitaji kibali cha KWS. Lakini ukisikia "anazaa haraka, anakula majani, soko liko," kumbuka Paraná. Uliza nani anamla, wapi, kwa bei gani, na kama mnunuzi huyo akipotea wewe mwenyewe utamla.

Na tafadhali, usitoke hapa ukaokote wa kwa mtaro. Konokono wa kuokota anaweza kubeba mnyoo wa panya unaoshambulia ubongo, ndiyo maana walaji wa kweli humpika mpaka aive kabisa.

Sisemi lazima umle. Tumezoea omena, mutura, matumbo, na wa magharibi wanasubiri kumbikumbi kwa hamu, kwa hivyo tatizo si sura ya chakula. Kataa kwa sababu ya dini, ya tumbo, ama tu hujisikii. Lakini usikatae ukisema si chetu. Na kama unataka kumfuga, anza kwa sufuria yako. Ukishindwa kumuuzia mama yako nyumbani, Mfaransa hatakuokoa.