Kabla ya chupa kulikuwa na gome: historia ya ukakasi Arusha

Kabla hujaendelea kusoma, fanya jaribio dogo. Menya ndizi mbichi, tafuna kipande, kisha uteme. Umesikia ulimi unakauka na mashavu yanavutwa? Huo ndio ukakasi. Usiuchanganye na uchungu: uchungu ni ladha, ukakasi ni mguso.

Mvinyo mwekundu mzito, ule unaojaa mdomoni, una ukakasi huohuo. Unatokana na tanini, kemikali zilizomo kwenye maganda na mbegu za zabibu. Mate yetu yana protini zinazofanya mdomo uteleze. Tanini zikifika zinazikamata, protini zinagandamana, utelezi unakwisha. Sasa weka kipande cha mbavu za mbuzi chenye mafuta. Mafuta yanarudisha utelezi, na tanini zinapata protini nyingine za kushika. Mvinyo unakuwa mpole, nyama nayo haikinaishi haraka.

Je, ni maneno tu ya wauza mvinyo? Hapana. Mwaka 2012 jarida la Current Biology lilichapisha jaribio ambapo watu walikula nyama ya mafuta huku wakinywa kinywaji chenye ukakasi, kwa zamu. Hisia ya mafuta ilipungua kuliko walipokunywa maji. Mafuta na ukakasi huvutana kama pande mbili za mzani.

Tuje kwenye historia. Zabibu za Dodoma, ambako hutoka mvinyo mwingi wa Tanzania, zinahusishwa na wamisionari wa Kiitalia waliozipanda Bihawana mwaka 1957. Kwa hiyo chupa ya mvinyo wa nyumbani kwenye meza ya nyama choma Arusha ni jambo la juzijuzi tu. Lakini je, kuoanisha nyama na ukakasi nako ni kwa juzi?

Ngoja kwanza. Waarusha, watu wa lugha ya Kimaa, walianza kulima kwenye miteremko ya Mlima Meru takriban miaka ya 1830. Ndugu zao Wamaasai wana desturi ya orpul: vijana huenda porini, huchinja, na nyama hupikwa na supu yenye magome na mizizi. Moja ya miti hiyo ni olkiloriti, aina ya mgunga ambayo wanasayansi waliiita Acacia nilotica. Gome lake lina tanini nyingi kiasi kwamba Sudan na India limetumika kutengeneza ngozi. Jina lenyewe la tanini limetoka kwenye kazi hiyo ya ngozi.

Mwaka 1999 Timothy Johns na wenzake walichapisha uchunguzi wa mimea ambayo Wamaasai na Wabatemi wa Ngorongoro huongeza kwenye vyakula vyao. Zaidi ya asilimia 80 ya mimea hiyo ilikuwa na saponini au fenoli, na tanini ni fenoli. Umeona? Nyama ya mafuta na kimiminika chenye ukakasi vilikutana huku muda mrefu kabla ya mtu kufungua chupa.

Hapa tuwe waangalifu. Watafiti walipendekeza kwamba mimea hiyo huenda inasaidia kupunguza kolesteroli. Hilo ni wazo la kupimwa, halimpi mtu ruhusa ya kusema "mvinyo unasafisha mafuta mwilini", kama tunavyosikia baa. Kinachosafishwa ni mdomo. Tanini pia hupunguza ufyonzaji wa madini ya chuma, na vinywaji vyenye pombe viliwekwa kwenye kundi la visababishi vya saratani na shirika la IARC tangu mwaka 1988.

Kama unakunywa, onja kwa mpangilio: funda moja kabla ya nyama, moja baada ya nyama ya mafuta yenye chumvi, kisha moja baada ya pilipili. La mwisho litakuunguza, kwa sababu pombe na pilipili huamsha neva zilezile za joto. Kama hunywi, chai ya rangi iliyokolea, bila sukari, itakuonyesha ule mvutano wa ukakasi na mafuta.

Halafu muulize babu au bibi ni gome gani lilitiwa kwenye supu kwao, na uandike jina la mti. Tanini za zabibu zina vitabu vingi. Za miti yetu, nyingi bado ziko vichwani mwa wazee.