Degedege haikuwa kwenye dodoso

Bibi yangu mzaa mama alifaulu mtihani wa malaria. Namwona mpaka leo, kakaa mkekani miguu kainyoosha, anachambua mchele kwenye ungo, na mbele yake vijana wawili wa kutoka mjini wameshika madodoso. Ilikuwa katikati ya miaka ya 1990, upande wa Bagamoyo, mimi nipo darasa la tano. Mmoja akauliza, "Bibi, malaria inaletwa na nini?" Bibi hakuinua hata uso. "Mbu." "Na mtu akiumwa malaria anafanyaje?" "Si anakwenda zahanati, anapewa klorokwini." Kijana akatia vema mbili kwenye karatasi, wakashukuru, wakaenda nyumba ya pili.

Masika iliyofuata, mtoto wa mama mdogo, umri wa miaka miwili, alishikwa na degedege usiku. Macho yalipinduka, mikono ikakakamaa. Bibi huyohuyo wa vema mbili alitoa kipande cha mavi makavu ya tembo alichokuwa amekihifadhi juu ya kichanja, akamfukiza mtoto chini ya kanga, kisha akaagiza aitwe mganga. Mtoto akatulia. Siku ya pili homa ikarudi, na degedege ikarudi nayo. Siku ya tatu wazee walikubali apelekwe hospitali, huku Bibi akisema mara tatu nzima, "Wasimchome sindano." Akachomwa. Alfajiri akafariki.

Msibani Bibi hakulia kwa sauti. Alisema tu, "Niliwaambia."

Kwa miaka mingi nilimbebea kinyongo. Nilimwona kama mtu aliyejua kabisa akatenda kinyume, na nilipokuwa sekondari niliwahi kuandika insha ya Kiswahili juu ya "mila potofu" nikiwa namsema yeye bila kumtaja. Nilipata alama nzuri, jamani. Kilichonigeuza ni kusoma, na nilichokisoma wala hakikuwa riwaya wala ushairi. Zilikuwa makala za watafiti wa afya, zile kavu zenye majedwali, ambazo baadhi ya waandishi wake walikuwa wamefanya kazi Bagamoyo, wilaya yetu, katika miaka ileile ya mchele wa Bibi.

Kwanza lile dodoso lenyewe. Lina ukoo mrefu. Lilianza kutumika sana miaka ya 1950 kwenye tafiti za uzazi wa mpango, likasambaa hadi kwenye magonjwa karibu yote. Hupima mambo matatu: watu wanajua nini, wanaona vipi, wanatenda nini. Wazo lililojificha nyuma yake ni kama ngazi: ukijua vizuri utaona vizuri, ukiona vizuri utatenda vizuri. Mtu akijua halafu asitende, basi kuna "pengo", na pengo dawa yake ni elimu zaidi. Ndiyo maana mabango hayaishi.

Sasa, Bibi jibu la "mbu" alilipata wapi? Alilipata darasani, kwa maana ya darasa la chini ya mwembe. Mwaka 1973 serikali ya Tanzania iliendesha kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu wazima walikusanyika kwenye vikundi, wanasikiliza redio, mmoja anasoma kitabu kwa sauti, halafu wanajadiliana na kuamua watafanya nini. Viongozi wa vikundi waliofundishwa walikuwa kama 75,000, na watu walioshiriki wanakadiriwa kufika milioni 2, katika nchi ambayo wakati huo haikuwa na wakazi wengi hivyo. Malaria ilikuwemo, kichocho, safura, kuhara damu, kifua kikuu. Watu walichimba vyoo, walifyeka majani, walifukia madimbwi. Wapimaji walipita vijijini na kukuta maarifa yamepanda na nyumba zimebadilika. Miongoni mwa walioandika habari za kampeni ile ni Budd Hall, aliyekuwa mtafiti kwenye Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, Dar es Salaam, na ni katika mazingira hayo ya Tanzania ya miaka ya 1970 ndipo yeye na wenzake walipoanza kuzungumzia utafiti shirikishi, ule ambao anayeulizwa naye anauliza.

Bibi alikuwa kwenye kikundi. Alijivunia jambo hilo mpaka kufa. Kwa hiyo malaria na mbu vilikaa pamoja kichwani mwake tangu 1973, salama salimini. Tatizo ni kwamba degedege ilikuwa imekaa mahali pengine kabisa, na ilikuwa imetangulia.

Mwaka 1996 Peter Winch na wenzake walichapisha makala kuhusu majina ya homa katika wilaya ya Bagamoyo. Mwaka huohuo Makemba na wenzake wakachapisha nyingine kuhusu namna degedege inavyotibiwa hukohuko. Nilizisoma zote mbili jioni moja, nikasimama mara kadhaa kuzunguka chumba. Hawa hawakuanza na swali la "malaria inaletwa na nini". Walianza na maneno. Wakagundua kwamba "homa ya malaria", kwa watu wa Bagamoyo, ulikuwa ugonjwa wa kawaida, mwepesi, unaoletwa na mbu na kutibika zahanati. Yale makali yanayotokana na malaria, kama mtoto kukakamaa au kuishiwa damu, wengi hawakuyahesabu kuwa malaria hata kidogo. Yalikuwa na majina yao na asili zao: degedege, bandama, na homa zinazogoma dawa, ambazo huenda zina mkono wa mtu.

Sisi tunaopenda fasihi tungeweza kuwaambia mapema. Tunajua kwamba visawe kamili ni haba. Neno "homa" lenyewe tu lina mambo: mtu anaweza kukuambia ana homa na ukimgusa hana joto, anachotaka kusema ni kwamba hajisikii vizuri. Na "degedege" ukilichungulia unaona dege, lile ndege kubwa. Wazee wa pwani walisema dege la watoto, kitu chenye mbawa kinachopita juu ya nyumba usiku, wengine wakamtaja nondo. Anayemtazama mtoto akikupua mikono kama mabawa haoni mbu mahali popote. Mtu mzima akichanganyikiwa kwa homa tunasema malaria imempanda kichwani, jina la malaria linabaki palepale. Mtoto hapewi hiyo. Mtoto ana neno lake, na neno lake lina njia yake: kwanza mganga, hospitali baadaye.

Kwa hiyo Bibi hakutenda kinyume na alichojua. Aliulizwa ugonjwa mmoja, ukaja mwingine.

Lakini hapo bado sikuridhika, kwa sababu ya ile sindano. Imani kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa imeandikwa na watafiti Bagamoyo na sehemu nyingine za nchi. Ukiisikia kwa haraka unaona ni ujinga mtupu. Hebu ifuate polepole, kama mtu aliyekaa kijiji kimoja miaka 60 akitazama watoto wa majirani.

Mtoto mdogo akipanda joto sana anaweza kukakamaa. Mara nyingi mkakamao huo hukoma wenyewe baada ya dakika chache. Mwenye mtoto, katika dakika hizo, amefanya jambo: amemfukiza, amemwogesha maji ya majani, kuna waliotumia hata mkojo. Mtoto anatulia. Nani amemtuliza? Aliyefukiza. Wengi wa watoto hao walipona, kwa hiyo dawa ya mganga ilikuwa na mashahidi wengi wanaokimbia uwanjani. Sasa waliobaki, wale ambao malaria ilikuwa imefika kwenye ubongo au damu imewaishia, ndio waliokokotwa hospitali siku ya pili au ya tatu. Walifika wamechoka. Walichomwa sindano, maana wamelegea na kumeza hawawezi. Na wengi wakafa, saa chache baada ya sindano. Mashahidi wa sindano walikuwa makaburini.

Bibi alikuwa ameona. Alichokosa ni mahali pa kusimama ambapo angeona watoto wote kwa pamoja, waliotulia nyumbani na waliofia wodini, na saa walizochelewa. Mahali hapo watafiti wanapo, wanapaita takwimu. Kijijini hapakuwepo. Na yule kijana wa dodoso, mwenye njia ya kufika huko, hakuwa na kisanduku cha kuandika neno degedege.

Kuna makala nyingine naipenda kwa namna ya pekee, ya Susanna Hausmann Muela, Joan Muela Ribera na Marcel Tanner, ya 1998, kutoka Ifakara. Hii inavunja ngazi ya dodoso vipandevipande. Watu wa Ifakara walikuwa wameelimika kuhusu malaria: mbu, vimelea, darubini, vidonge. Kisha mtu anaumwa dalili zote za malaria, anapimwa, anaambiwa hana wadudu. Au anakunywa dawa na haponi. Hapo maelezo ya uchawi yanaingia, tena yanaingia yakiwa yamevaa koti jeupe: mchawi anaweza kuwaficha wadudu wasionekane kwenye darubini, au kutengeneza malaria ya bandia. Huyo mgonjwa huwezi kumwambia hajui habari za vimelea. Anazijua, na amezitumia. Elimu ya afya ilifika, ikapokelewa vizuri, ikapewa chumba ndani ya nyumba iliyokuwepo. Nilicheka niliposoma, kwa sababu nina mjomba anayezungumza hivyohivyo kuhusu vipimo vyake vya sukari.

Hata hivyo sitaki tuondoke na picha kwamba yote ni maneno. Vinay Kamat alifanya utafiti Mbande, wilaya ya Temeke, na makala yake ya 2006 inawasikiliza akina mama ambao watoto wao walizidiwa. Wengi walidhani ni homa ya kawaida. Lakini ukiendelea kuwasikiliza unakuta nauli, unakuta baba hayupo na hela anayo yeye, unakuta zahanati walikwenda mara ya kwanza wakarudishwa na dawa isiyotosha. Baadaye aliandika kitabu kizima, Silent Violence, cha 2013, na kinachouma humo ni namna mama anavyobebeshwa lawama kwa kuchelewa, wakati waliomchelewesha ni wengi. Mama mdogo naye alisubiri siku mbili. Mimi nilikuwa nikisema alimsubiri mganga. Nilipomuuliza juzijuzi, mwenyewe sasa ana wajukuu, alinijibu, "Mganga alikuwa wa bure mpaka mavuno. Gari la hospitali lilitaka hela asubuhi ileile." Sikuwahi kumuuliza kabla. Miaka karibu 30.

Kazi za akina Winch na Makemba zilikuwa na wafuasi. Mwaka 2006 ilitoka makala ya Makundi na wenzake kutoka Kilosa na Handeni, inayowatazama waganga wa jadi kama watu wa kufanya nao kazi, maana mtoto mwenye degedege anapita kwao kwanza upende usipende. Mganga akijua wakati wa kusema "huyu mpeleke", saa zinaokolewa. Mwaka 2009 yakachapishwa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika Ghana, Tanzania na Bangladesh kuhusu dawa ya artesunate inayowekwa njia ya haja kubwa kijijini, kabla ya safari ya hospitali. Kwa wagonjwa waliochelewa kufika zaidi ya saa 6, dawa hiyo ilipunguza karibu kwa nusu vifo na ulemavu wa kudumu. Waliobuni njia hiyo walikuwa wakiwafikiria watoto wasioweza kumeza na walio mbali. Mimi nilipoisoma nilimfikiria Bibi: haina sindano.

Bibi alifariki 2004, na hayo mawili ya mwisho hakuyakuta. Klorokwini nayo ilishaondolewa, maana tangu 2001 tulikuwa tumehamia dawa nyingine, na mseto ukaja baadaye. Ile insha yangu ya sekondari ninayo bado kwenye sanduku, mwalimu ameandika "Vizuri sana" kwa wino mwekundu.

Mwaka jana nilimpeleka binti yangu kliniki, ana homa. Muuguzi, binti mdogo tu, alimpima joto, akamfungua macho, akaniuliza bila kuinua uso kutoka kwenye daftari, "Amepata degedege?" Nilichelewa kujibu. Akarudia kwa upole, akidhani sijalielewa neno.

"Hapana," nikamwambia. "Bado." Akaandika.