Shujaa na Joka, Kule na Kwetu

Wanafunzi wanasemaka: hadithi za wazee zinarudilia tu. Basi tuangalie michezo yao ya video. Mwaka 1986, kule Japani, Yuji Horii alitunga Dragon Quest: mfalme, binti aliyeibwa, joka. Mambo ya zamani! Lakini mwishoni adui anamwambia mchezaji: tugawane dunia. Akikubali, mchezo umekwisha. Katika Dragon Quest V (1992), anatafuta shujaa miaka na miaka; kumbe shujaa njo mtoto wake mwenyewe.

Na Mwindo wa Wanyanga, aliyesimuliwa na Candi Rureke mwaka 1956? Yeye pia anaua joka, Kirimu. Ila Kirimu alikuwa rafiki ya Nkuba, radi. Basi muuaji hapewi binti: Nkuba anamupandisha mbinguni, anateswa kwa baridi na jua, anarudi amekatazwa kuua nyama.